Je, tuiache nyumba ya Houston tuhamie kwenye karavani?

BARUA

Shikamoo Mzee wetu,

Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Tanga, na ninaishi Houston, Texas, pamoja na mume wangu na binti yetu wa miaka 3. Kwa miaka miwili sasa nimekuwa nikifanya kazi kwa mikataba ya wiki 13 katika hospitali za miji mingine, na ya karibuni imekuwa Albuquerque na Tucson. Kila ninapohama tunalazimika kukodi nyumba yenye samani kwa muda mfupi, ambayo mara ya mwisho ilitugharimu dola 2,300 kwa mwezi, huku pango la nyumba yetu ya Houston, dola 1,450, likiendelea kulipwa ilhali mlango umefungwa.

Mume wangu huwahudumia wateja wa kompyuta kwa njia ya intaneti, kwa hiyo anaweza kufuatana nami popote. Tumeona karavani mpya ya kuvutwa, urefu wake futi 28, yenye vitanda, jiko, choo na bafu, kwa bei ya dola 31,000. Tukitanguliza asilimia 10, salio tutalilipa kwa miaka 15 kwa riba ya asilimia 9. Karatasi zake zinasema kwamba ikiwa imepakiwa isizidi paundi 7,600, na muuzaji ametuhakikishia kuwa pikapu yetu inaweza kuvuta zaidi ya paundi 9,000, hivyo tusiwe na wasiwasi. Kambi moja ya karavani mjini Tucson imetutajia dola 750 kwa mwezi, umeme tukijilipia kwa mita. Kaka yangu naye anasema yapo maeneo ya serikali jangwani Arizona ambako watu hukaa majira yote ya baridi kwa dola 180 tu.

Nia yetu ni kurudisha funguo za Houston, kuishi ndani ya karavani, na kuelekeza akiba kwenye nyumba tunayojenga Tanga. Mbali na mshahara, ninalipwa posho ya makazi na chakula ya dola 1,300 kwa wiki, ambayo haikatwi kodi. Mwakani natarajia kuomba uraia. Mume wangu anasitasita lakini hasemi sababu. Naomba utueleze gharama halisi za kuvuta karavani na za kukaa kambini kwa muda mrefu, na kama mpango huu una busara.

Muuguzi, Houston

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimesimama kwenye sentensi ileile, ile ya kurudisha funguo za Houston. Nitaanza hapo kabla ya kugusa pikapu na kambi, kwa sababu ndipo penye fedha nyingi zaidi, na wauguzi wengi wa mikataba hawaoni hatari yake mpaka barua ya kodi iwafikie.

Posho yako haikatwi kodi kwa sababu moja tu: inahesabiwa kuwa fidia ya gharama za mtu mwenye makazi yake mahali fulani ambaye kazi imempeleka mbali kwa muda. Mamlaka ya kodi ya Marekani, IRS, hutazama mambo matatu inapopima kama kweli unayo makazi ya namna hiyo. Inatazama kama sehemu ya kazi yako huifanya katika eneo hilo huku ukilala katika nyumba hiyo, kama unabeba gharama za nyumba hiyo wakati huohuo unapolipia malazi ya safarini, na kama hujalihama eneo hilo, kwa maana kwamba watu wa familia yako bado wanaishi hapo au wewe mwenyewe hurudi mara kwa mara kulala hapo. Mwenye yote matatu hana shida, mwenye mawili huangaliwa kulingana na hali yake, lakini mwenye moja au asiye nalo lolote huhesabiwa kuwa mhamahamaji ambaye makazi yake ni popote anapofanyia kazi, na mtu wa namna hiyo hana haki ya posho isiyokatwa kodi.

Sasa tupige hesabu kwa takwimu zako. Dola 1,300 kwa wiki 13 ni dola 16,900. Ikiwa kipato chenu cha pamoja kinafika kwenye daraja la asilimia 22 la kodi ya serikali kuu, ukiongeza na asilimia 7.65 ya hifadhi ya jamii na bima ya afya ya wazee, kiasi hicho kitakatwa takriban dola 5,000 katika kila mkataba, na bado sijagusa asilimia 2.5 ya jimbo la Arizona. Pango la Houston kwa miezi mitatu ni dola 4,350. Kwa hiyo mngeokoa 4,350 kwa kutoa 5,000, na juu ya hayo mngekosa pa kurudi siku mkataba unapovunjwa ghafla, jambo ambalo wewe muuguzi unalijua vizuri kuliko mimi.

Simaanishi kwamba lazima mshikilie nyumba ya dola 1,450. Kama mnao jamaa Houston wenye nafasi, mnaweza kupanga kwao chumba kimoja au viwili kwa bei inayolingana na soko, kwa mkataba wa maandishi na malipo yanayopita benki, na wewe ukachukua zamu katika hospitali ya Houston kila mwaka kati ya mkataba na mkataba. Hifadhi isiyolipiwa haitoshi, hata kama aliyewapa ni shangazi yako na anawapenda sana. Kumbuka pia kwamba wewe, mume na mtoto mkiondoka pamoja mnalidhoofisha lile jambo la tatu, kwa hiyo siku za kurudi nyumbani ziwe za kweli na ziwe na ushahidi. Tena, mkataba unaotarajiwa kuzidi mwaka mmoja mahali pamoja hauhesabiwi tena kuwa wa muda. Kabla hamjatia sahihi popote, mtafuteni mtaalamu wa kodi ambaye wateja wake ni wauguzi wa mikataba, maana anayejaza fomu za kawaida huenda hajawahi kukutana na suala hili.

Kwenye uraia, mwombaji hutakiwa awe ameishi katika jimbo au wilaya ya uhamiaji anakoombea kwa angalau miezi mitatu kabla ya kupeleka fomu N-400, na mwenye grinikadi anayehama hutakiwa kuijulisha idara ya uhamiaji anwani mpya ndani ya siku 10. Mkibaki na anwani imara Houston, mambo haya yanajiendea. Mkiwa hamna anwani ila namba ya kiwanja katika kambi inayobadilika kila baada ya wiki 13, mtajitafutia maelezo marefu mbele ya ofisa wakati hapakuwa na haja.

Tukishakubaliana kwamba Houston inabaki, karavani bado inaweza kuwafaa, na hapa niwe mwadilifu kwako, kwa sababu wazo lako si baya. Pango la kambi dola 750, umeme tuseme 110, rejesho la mkopo dola 283, bima na gesi 120, na akiba ya matengenezo 150 ambayo nakusihi usiifute, vinakaribia dola 1,400 kwa mwezi. Ukilinganisha na nyumba ya samani ya dola 2,300, unaokoa dola 900 hivi kwa mwezi, sawa na 2,700 kwa mkataba. Ni fedha ya kutosha kupeleka saruji na nondo Tanga. Lakini unaipata mkiwa mmetulia kambini, na inaanza kumeguka kila magurudumu yanapozunguka.

Petroli yenyewe haitishi kama watu wanavyodhani. Kutoka Houston hadi Tucson ni takriban maili 1,060. Pikapu inayokwenda maili 20 kwa galoni ikiwa peke yake hushuka mpaka maili 10, na upepo wa mbele ukiwa mkali hushuka zaidi, kwa kuwa inasukuma ukuta wa bati wenye kimo cha futi 10 au 11. Hiyo ni galoni 106 badala ya 53. Kwa dola 3.20 kwa galoni, safari itakula kama dola 340, ambapo nyongeza iliyoletwa na karavani ni dola 170. Gharama nzito ni za vile visivyoonekana kwenye pampu. Mtahitaji kiungio cha kufungia karavani kwenye pikapu, chenye nondo za kugawanya uzito na kuzuia kuyumba, na kidhibiti cha breki za trela ndani ya pikapu ikiwa haikuja nacho, ambavyo kwa pamoja na ufundi wake muviandalie dola 1,000 hadi 1,500. Mtahitaji beringi za magurudumu zikaguliwe na kutiwa grisi kila mwaka. Matairi ya trela huzeeka hata yakiwa na kashata nzima. Tazameni tarakimu nne za mwisho za alama inayoanza na herufi DOT ubavuni mwa tairi, ambapo 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, na yakifikisha miaka mitano au sita yabadilisheni bila kungoja yapasuke. Baadhi yake hayakutengenezwa kwa mwendo unaozidi maili 65 kwa saa. Mkataba ukikupeleka California, sheria ya huko inamtaka anayevuta trela asizidi maili 55, basi ongezeni saa za safari.

Sasa neno la muuzaji. Niliambiwa neno hilohilo, kwa utulivu uleule, nilipoanza maisha haya ya karavani, na ndilo lililokaribia kuniua mimi na mke wangu. Kiasi cha paundi 9,000 kinachotajwa ni nguvu ya kuvuta, lakini karibu kila mara kinachokwisha kwanza ni uwezo wa pikapu kubeba. Fungua mlango wa dereva uangalie kibandiko chenye ukingo wa njano: kuna sentensi inayosema jumla ya uzito wa watu na mizigo isizidi paundi kadhaa. Kwenye pikapu yangu ya wakati ule iliandikwa 1,510. Karavani ya kuvutwa hutua juu ya kiungio kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake, na ikitua chini ya hapo mkia huanza kucheza. Chukueni asilimia 13 ya paundi 7,600, ni paundi 988. Ongezeni kiungio chenyewe, paundi 90. Ongezeni ninyi watatu na kiti cha mtoto, tuseme 390, na sanduku la vifaa, mabomba na jenereta nyuma, 200. Mmefika 1,668, na pikapu kama yangu ingekuwa imeshapita kikomo chake kabla hamjatia kreti ya maji ya kunywa.

Nilijifunza hayo kwenye barabara ya I-10 magharibi mwa Texas, karibu na Van Horn, mchana wa upepo. Nyuma ya pikapu ilikuwa imeinama na pua imeinuka, kiasi kwamba usukani ulikuwa mwepesi mkononi kama wa baiskeli, nami nikaufurahia wepesi ule kwa kutojua kwamba magurudumu ya mbele yalikuwa yameachiwa kazi ndogo mno. Lori refu likatupita. Kwanza lilituvuta upande wake, kisha likatusukuma pembeni, na kwenye kioo nikaiona karavani ikitoka kushoto, ikarudi, ikatoka kulia kwa upana zaidi. Vikombe vilidondoka kabatini. Tulivisikia kimojakimoja, mke wangu na mimi, bila kusemezana. Nilitaka kukanyaga breki kwa nguvu zote, na kama ningefanya hivyo karavani ingetusukuma mpaka tukajikunja barabarani. Kilichotuokoa ni maelekezo ya dereva mmoja wa malori aliyenionya asubuhi yake: shika usukani uwe umenyooka, ondoa mguu kwenye mafuta, kisha ubane kwa mkono kile kitufe cha breki za trela peke yake, ili karavani ijivute nyuma na kuinyoosha pikapu. Kesho yake nilikwenda kupima kwenye mizani ya malori kwenye kituo cha mafuta, kwa malipo yasiyofika dola 20, na cheti kikaonyesha ekseli ya nyuma imezidi kwa paundi 260. Mizani hiyo hutoa uzito wa ekseli ya mbele, ya nyuma na ya trela kila mmoja peke yake. Msifanye safari ya kwanza ndefu kabla ya kupita hapo mkiwa mmepakia kila kitu, maji na mtoto wakiwamo.

Kuhusu mkopo nasema waziwazi kwamba siupendi. Dola 27,900 kwa riba ya asilimia 9 kwa miaka 15 ni rejesho la dola 283, na mtakapomaliza mtakuwa mmelipa karibu dola 51,000. Baya zaidi ni miaka ya mwanzo: baada ya miaka mitatu mtakuwa mmetoa zaidi ya dola 10,000, na bado mtadaiwa kama 24,900. Karavani mpya hushuka bei tangu siku inapotoka kwa muuzaji, kwa hiyo mkitaka kuacha mtajikuta mnauza kwa bei isiyofuta deni. Kama ni kununua, tafuteni iliyotumika miaka minne au mitano, isiyozidi paundi 6,000 ikiwa imepakiwa, na mlipe taslimu. Msinunue kuukuu sana, kwani kambi nyingi hazipokei karavani iliyozidi miaka 10. Mnapoikagua, ingieni ndani milango ikiwa imefungwa mvute pumzi. Harufu ya ubichi ni dalili kwamba paa linavuja. Kisha bonyezeni kwa kidole gumba pembe za dari, chini ya madirisha na sakafu karibu na choo. Ubao ukibonyea kama mkate, ondokeni hata kama bei imeshuka nusu.

Kambini kuna maswali ya kuuliza kwa simu kabla ya kutuma amana, na la kwanza kwenu linamhusu binti yenu. Kambi nyingi za Tucson, Mesa na Yuma ni za watu wenye umri wa miaka 55 na kuendelea, na hazipangishi familia yenye mtoto. Nyingine huwa na bei mbili, ya kiangazi na ya Novemba hadi Machi, wakati wastaafu wa kaskazini wanapojaa kukimbia theluji. Ulizeni dola 750 ni ya miezi ipi. Ulizeni umeme ni senti ngapi kwa yuniti, kwa sababu kiyoyozi kinachovuta kilowati 1.5 kwa saa 16 kwa siku hutumia yuniti 720 kwa mwezi, ambazo kwa senti 15 ni dola 108, na Tucson ya Julai kiyoyozi hakizimwi. Mkataba wa majira ya baridi huko kaskazini usiukubali ukiwa na karavani. Mtungi mmoja wa gesi wa paundi 20 huendesha kipasha joto cha BTU 30,000 (BTU ni kipimo cha joto) kwa saa 14 tu kikiwaka mfululizo, na mabomba huganda.

Jambo moja la nyumbani, ambalo hakuna muuzaji atakayekwambia: mkiunganisha bomba la maji machafu kambini, msiache koki ya tangi la choo wazi eti kwa kuwa mmeshaunganishwa. Maji yatatiririka na uchafu utabaki ukikauka na kujijenga kama kichuguu. Ifungeni, tangi likifika theluthi mbili fungueni limwagike kwa kishindo, kisha fungueni la maji ya sinki lisafishe bomba.

Kaka yako hakudanganya. Karibu na Quartzsite na Yuma yapo maeneo ya ardhi ya umma yaliyotengwa kwa wakaaji wa muda mrefu, kuanzia tarehe 15 Septemba hadi 15 Aprili, na kwa miaka mingi kibali cha msimu wote kilikuwa dola 180. Lakini Quartzsite iko zaidi ya maili 200 kutoka Tucson, na pale jangwani hakuna nyaya za umeme kwenye viwanja. Mnajitegemea kwa sola na jenereta. Panawafaa wastaafu wenye siku nzima ya kuchota maji, na wewe unayetoka zamu inayodumu saa 12 hutapaweza.

Nimebakiza mume wako. Karavani ya futi 28 kwa 8 ni mita za mraba 21 hivi, na kuta zake ni nyembamba. Akiwa kwenye simu na wateja kutwa, mtoto wa miaka 3 yuko hapohapo, na wewe ukitoka zamu ya usiku unahitaji giza na kimya kuanzia saa mbili asubuhi. Sidhani kwamba anaogopa gharama. Nadhani ameshaiona siku hiyo akilini mwake, saa nne asubuhi mezani, na hakupata maneno ya kukwambia bila kuonekana anakuzuia usijenge kwenu. Muulize swali hilo hasa, na umsikilize mpaka amalize.

Ushauri wangu ni huu: mkataba ujao tafuteni karavani ya kupanga iliyokwisha kuegeshwa kambini, maana wapo wenye kambi wanaozikodisha kwa mwezi, na hapo hamtavuta chochote. Ishini humo wiki zote 13 mkiwa watatu. Mkiona mnaweza, nunueni iliyotumika, na upendelee kuongeza muda mahali ulipo badala ya kukubali mji mpya kila mara, ili mwaka mzima mhame mara mbili badala ya nne. Kwa sasa msilipe amana ya ile ya dola 31,000. Nendeni kwanza kwenye mlango wa pikapu, mnakili kiasi kilichoandikwa kwenye kibandiko, mnipimie na uzito wenu wote watatu, uniletee kwa barua nyingine. Mumeo msalimie sana.